Anayeomba Kadi Aulizwe Ataiweka Wapi

Wana wa Sandoa, huku kwetu Lualaba nchini Kongo, waliotawanyika, wengine wakiwa Kolwezi katika mitaa ya Manika na Dilala, wengine Likasi na Lubumbashi, wengine ng'ambo ya mipaka ya Angola na Zambia, na wachache waliofika hata Brussels, hukutana siku hizi katika makundi ya simu, ambamo habari ya msiba uliotokea Kapanga humfikia mtu aliye Ulaya kabla jirani wa marehemu hajavaa kwenda matangani, na ambamo bei ya muhogo, ubovu wa barabara ya Kasaji, mahari ya binti wa fulani na tetesi za ajira migodini huzungumzwa kwa mchanganyiko wa Kiswahili, Kiruund, Kichokwe na Kifaransa tangu alfajiri hata usiku wa manane. Mlangoni pa makundi hayo imezuka kanuni ambayo zamani haikuwako, nayo ni kwamba kila atakaye kuingia sharti amtumie admini picha ya kadi yake ya mpiga kura. Lugha yenyewe ni ya adabu, haina ukali: “Mama, karibu sana; tuma kwanza picha ya karte, mbele na nyuma, ndipo tukuandikishe.” Na mama hutuma.

Kanuni hiyo haikuzuka bure, wala sitaki niwadhulumu walioitunga kwa kuwafanya watu wa inda. Katika ukanda wetu huu wa shaba, ambako kijana aliyemaliza masomo yake Sandoa humtazama kila mwenye kofia ya plastiki na koti la rangi ya machungwa kwa jicho la mwenye njaa, wametokea walaghai wanaojificha nyuma ya jina na picha za watu wengine, wakatangaza kwamba kampuni fulani ya mgodi inaandika wafanyakazi mia, na kwamba atakayetaka jina lake liwekwe juu ya orodha apeleke dola kumi au ishirini za “faili” kwa M-Pesa au Airtel Money. Na fedha zikishapokelewa, namba huzimwa, na mwenye namba hajulikani ni mtu wa wapi. Wametokea pia waliotangaza misiba ya watu walio hai ili wakusanye michango ya jeneza. Wametokea, na hawa ndio wabaya zaidi, wachochezi wasio na uso, wanaorusha usiku sauti za matusi juu ya wahamiaji waliokuja Kolwezi kutoka Kasai, na kesho yake wengine wakajibu kwa matusi kama hayo, hata watu waliokuwa wakinunua unga duka moja wakaanza kupitana bila ya salamu. Admini aliyepatwa na mambo hayo, akaona heri kila mmoja ajulikane ni nani, hakufikiri jambo la kipumbavu.

Lakini hicho anachokiomba ni kitu gani? Nchi yetu haijafanya hesabu ya watu tangu mwaka 1984, na kwa miaka mingi raia wa Kongo hana kitambulisho cha taifa mfukoni mwake; pahali pake imekaa kadi ya mpiga kura, ambayo tangu uandikishaji wa mwaka 2005 imekuwa ikitumika kama kitambulisho cha muda, na huo muda umeendelea kupitia uandikishaji wa mwaka 2011, na ule wa 2016 hadi 2018, hata huu wa mwisho ulioanza Desemba 2022. Tarehe 30 Juni 2023 Rais alipewa mbele ya watu kadi ya kwanza ya kitambulisho kipya cha taifa, tukaambiwa kwamba zetu zinafuata. Mwaka uliofuata mkataba wa kazi hiyo, ambao thamani yake ilitajwa kuwa zaidi ya dola bilioni moja, ukavunjwa, na sisi wa Lualaba tukabaki na kadi ile ile ya tume ya uchaguzi. Kwa hiyo ndiyo mtu anayofungulia akaunti ya fedha, ndiyo anayosajilia namba ya simu, ndiyo anayoionyesha kwenye kizuizi cha barabarani, na ndiyo atakayopigia kura. Anayeiomba kadi hiyo anaomba karatasi pekee ambayo mtu wa Sandoa anaweza kuithibitisha nafsi yake kwayo mbele ya dunia.

Ipo kazi moja ambayo uandikishaji wa mwisho umewapa wenye vibanda vya fotokopi sokoni, nayo yastahili kutazamwa kwa karibu. Wino wa kadi zile za 2023 ulikuwa dhaifu, ukaanza kufutika baada ya miezi michache, hata watu wengi wakajikuta wameshika kipande cha plastiki cheupe chenye kivuli cha uso. Basi kibandani, jenereta likinguruma mlangoni, mteja huitoa kadi yake ndani ya kitambaa, na kijana wa fotokopi huiweka chini ya kioo, akaongeza weusi wa mashine hata herufi zikaibuka tena, kisha akaifunga nakala kwa plastiki mpya. Na kama mteja amekuja kwa ajili ya kundi la simu, na simu yake haina kamera nzuri, kijana humwambia, “Mama, lete, mimi nitapiga na yangu, nitatuma,” akaipiga picha kwa simu yake mwenyewe na kuituma kwa admini. Mama akalipa franka zake akaenda zake, na picha ikabaki katika simu ya kijana, pamoja na picha za kadi za wote waliomtangulia wiki hiyo. Hakuna aliyekusudia ubaya katika jambo hilo, na ndiyo sababu linanitia hofu.

Katika kadi hiyo limeandikwa jina, na jina la baada yake, na jina la ubatizo, siku na mahali pa kuzaliwa, jina la baba na jina la mama, anwani, na tena asili ya mtu, yaani utawala wa jadi au sekta, teritwari na jimbo la wazee wake, hata kama yeye mwenyewe hakupata kukanyaga huko. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asione kitu katika mstari huo wa mwisho. Msomaji wa Kolwezi aliyefikia umri wa miaka arubaini anaona. Mwaka 1992, Rais Mobutu alipokuwa akivutana na Etienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, juu ya madaraka ya waziri mkuu, na gavana wa Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba, alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa Likasi, na mwezi wa Machi 1993 zamu ikafika Kolwezi. Wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines waliokuwa wamezaliwa katika nyumba za kampuni, waliosoma shule za kampuni, wasioijua Kasai ila kwa hadithi za bibi zao, walijikuta wamelala kwenye vituo vya reli na watoto na magodoro, wakingoja treni zisizokuja, na wengi walikufa pale pale walipongojea. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka katika jimbo. Hapakuwa na simu za mkononi wala makundi ya mtandao. Wafukuzaji walitumia majina, na majina huku kwetu hutangaza kabila la mtu kabla hajafungua kinywa. Mtu ajiulize ingekuwaje kama mtu mmoja katika kila mtaa angalikuwa na orodha mfukoni, yenye picha, anwani, na mstari wa asili.

Sandoa yenyewe ina hesabu yake. Machi 1977, wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliotoka Angola, ambao wengi wao walikuwa masalia ya jeshi la Katanga iliyojitenga siku za Moïse Tshombe, waliiteka Sandoa pamoja na Dilolo, Kapanga na Kasaji, na mji ukakaa mikononi mwao hata majeshi ya Mobutu, yakisaidiwa na askari 1,500 hivi wa Moroko waliosafirishwa kwa ndege za Ufaransa, yaliporudi mnamo Mei. Baada ya hapo swali lilikuwa ni nani aliyewapokea, nani aliwapa maji, nani ni shemeji wa nani upande wa pili. Na maelfu ya watu waliona heri kuvuka mpaka kwenda Angola kuliko kungoja kulijibu. Wazee waliopitia msimu ule hawapendi kuandikwa popote, na kijana wa admini akidhani kwamba ni ujinga wa simu unaomfanya babu akatae kutuma kadi, amekosea mlango.

Tena kuna jambo la jina la kweli, ambalo wenye kutunga kanuni hizi hulichukua kana kwamba ni jepesi. Mwaka 1972 Mobutu, aliyekuwa Joseph-Désiré, aliamuru raia waache majina ya ubatizo wajipatie majina ya jadi; wamisionari wa Kimethodisti na wa Kikatoliki wakaendelea kubatiza, watu wakaitwa jina moja kanisani na jingine ofisini; utawala wa chama kimoja ulipolegea mwaka 1990, yale ya zamani yakarudi, lakini vyeti havikurudi vyote. Leo wapo wazee katika teritwari yetu ambao shahada yao ya shule ina jina moja, kadi ya mpiga kura ina jina jingine, na kijijini wanaitwa kwa la tatu, na yote matatu ni yao kwa haki. Na kabla ya Mobutu na kabla ya Wabelgiji, katika nchi ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, mtu aliyeshika cheo alishika pia jina la aliyemtangulia, akasema “mimi nilipigana vita vile” akikusudia vita vilivyopiganwa na mwenye cheo wa vizazi vitano nyuma. Na hapana aliyemwita mwongo, kwa sababu baraza zima lilijua ni nani aliyemkalisha kwenye ngozi na ni nani atakayejibu akikosea. Jina halikuwa lake la kuzaliwa, lakini dhamana ilikuwa kamili. Wanaodhani kwamba kusema kwa jina la kujitwalia ni uzushi ulioletwa na intaneti wangefaidika kukaa siku mbili Musumba, kwenye baraza la Mwant Yav.

Ahadi ya kwamba orodha ni kwa ajili ya usalama wetu tumekwisha kuisikia, na tena kwa gharama yetu. Mwaka 2020 serikali ilianzisha daftari la simu za mkononi, lile lililojulikana kwa herufi zake RAM, kwa hoja kwamba simu bandia na za wizi zitatambuliwa na kuzimwa. Na kumbe kila simu ilikatwa salio, dola moja kwa mwaka kwa simu ndogo na dola saba kwa simu kubwa, hata muuza mkaa wa Sandoa anayeweka vocha ya franka mia tano akakuta imeliwa kabla hajapiga. Wabunge walipiga kelele, watu walipiga kelele zaidi, na mapema mwaka 2022 makato yakasimamishwa. Sisemi admini wa kundi la kijiji ni waziri wa posta. Nasema kwamba daftari likishakuwapo hufanya kazi ambazo halikuandikiwa, na ni mara chache mno kumsikia aliyeandikwa akiulizwa.

Kesi iliyo karibu mno na swali letu, hata hivyo, haikutokea Kongo bali Tanzania, katika mahakama ya Kisutu mjini Dar es Salaam, na yafaa isimuliwe kwa utulivu kwa sababu inatufundisha mambo ambayo hofu peke yake haiwezi kutufundisha. JamiiForums ilianzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na mwenziwe Mike William, ikiitwa wakati huo JamboForums. Ikawa baraza kubwa kuliko yote ya Kiswahili mtandaoni, na desturi yake tangu mwanzo ilikuwa kwamba mwanachama huzungumza kwa jina alilojichagulia. Chini ya majina hayo ya kujitwalia palisemwa upuuzi mwingi, kama ilivyo katika kila baraza lenye watu wengi. Lakini palisemwa pia habari za mikataba, za bandari, za ushuru uliokwepwa, ambazo karani wa ofisi asingethubutu kuzisema kwa jina alilopewa na babake. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Polisi wakaandika barua wakitaka wajulishwe ni akina nani walioandika mambo fulani juu ya makampuni fulani. Melo akakataa. Tarehe 13 Desemba 2016 akakamatwa, akalala mahabusu siku kadhaa, kisha akashtakiwa yeye na William kwa kuzuia upelelezi, na kwa kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa anwani ya Tanzania.

Kesi zilikwenda na kurudi kwa miaka zaidi ya mitatu. Katikati yake, mwaka 2018, zikatoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni ya mamilioni ya shilingi kwa mwenye jukwaa, na hata kamera za ulinzi katika vibanda vya intaneti, na mwezi wa Juni mwaka huo JamiiForums ikalazimika kufunga milango kwa muda. Mwaka 2019 Melo akatunukiwa huko New York tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari na kamati ya kuwalinda waandishi. Tarehe 8 Aprili 2020 mahakama ikamtia hatiani katika mojawapo ya mashtaka ya kuzuia upelelezi, faini shilingi milioni tatu au kifungo cha mwaka mmoja, William akaachiwa. Faini ikalipwa. Majina hayakutolewa.

Kinachonivuta katika habari hiyo, zaidi ya ushujaa, ni ukarani. Melo alishtakiwa kwa kile alichokuwa nacho, au kile polisi walichoamini kwamba anacho. Laiti asingekuwa na chochote, barua ya polisi isingekuwa na cha kuomba, na miaka yake mitatu ya kupanda na kushuka ngazi za Kisutu ingetumika kwa kazi nyingine. Sasa mweke pahali pake admini wetu, mwalimu wa shule ya sekondari au muuza vipuri vya pikipiki, asiye na wakili, asiye na jina nje ya Lualaba, ambaye simu yake ina picha za kadi mia tatu. Aje mtu mwenye bunduki, au mwenye karatasi ya mwendesha mashtaka, au mwizi tu wa kawaida wa usiku. Je, tumemtaka admini huyu awe Maxence Melo? Hakuomba kazi hiyo. Tumemtwisha sisi kwa kumpelekea kadi, na yeye amejitwisha kwa kuziomba.

Huku kwetu imeonekana pia jinsi alama za mtandaoni zinavyoweza kugeuzwa ushahidi mbovu. Chérubin Okende, aliyekuwa waziri wa uchukuzi na msemaji wa chama cha Moïse Katumbi, yule Katumbi ambaye sisi Wakatanga tunamjua tangu alipokuwa gavana wetu, alikutwa amekufa garini Kinshasa tarehe 13 Julai 2023. Mwisho wa Agosti gazeti la Jeune Afrique likachapa makala juu ya kifo hicho, isiyo na jina la mwandishi. Tarehe 8 Septemba mwandishi wa gazeti hilo, Stanis Bujakera, akashikwa uwanja wa ndege wa N'Djili, simu na kompyuta yake zikachukuliwa, na akadaiwa kuwa ndiye wa kwanza kusambaza kupitia Telegram waraka bandia uliotumiwa katika makala hiyo. Upande wa mashtaka ulisema kwamba mitambo imemtaja; wataalamu na mashirika ya waandishi wakajibu kwamba Telegram na WhatsApp hazimpi mtu wa nje njia ya kumjua aliyetangulia kutuma waraka, na kwamba namba za mtandao zilizotajwa hazikumwelekea. Alikaa gereza la Makala miezi sita, akahukumiwa miezi sita tarehe 18 Machi 2024, akatoka kesho yake. Ikiwa mtu mashuhuri, mwenye magazeti ya dunia nzima nyuma yake, aliweza kulazwa Makala miezi sita kwa dai la kwamba “simu imesema,” kijana wa Sandoa aliyerusha tena ujumbe aliotumiwa na binamu yake atajitetea kwa lipi?

Watu wengine wamekwisha kulijaribu hili la majina ya kweli kwa ukubwa ambao sisi hatuufikirii. Korea ya Kusini ililazimisha kwa sheria, mwaka 2007, kwamba mwenye kuandika katika tovuti kubwa athibitishwe kwanza kwa namba yake ya uraia, ili matusi yakome. Matusi hayakukoma. Mwezi wa Julai 2011 wezi wa mtandao wakazoa maelezo ya watu milioni 35 kutoka kampuni moja, na mwaka 2012 mahakama ya katiba ikaifuta sheria yenyewe. Nchi hiyo ina wahandisi na mitambo ya kutosha kuulinda mlango. Sisi daftari letu limo katika simu ya mkono wa pili iliyopasuka kioo.

Sheria yetu, kwa kweli, haikulala. Msimbo wa mambo ya kidijitali uliotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 umeeleza kwamba maelezo binafsi ya mtu hukusanywa kwa kusudi lililo wazi, kwa kiasi kinacholingana na kusudi hilo, na kwa ridhaa ya mwenyewe, na umetaja mamlaka ya kuyasimamia hayo. Msimbo huo huo unaadhibu usambazaji wa uvumi wa uongo, na ni upande huo wa pili uliowafikia watu kwanza. Admini anayekusanya kadi leo yuko ndani ya sheria asiyoijua kwa pande zote mbili.

Nirudi basi kwenye haja yenyewe, kwani haja ipo. Kundi linataka kujua nini? Linataka kujua kwamba huyu ni mtu na si kinyago, kwamba anahusiana na sisi, na kwamba akitukosea pana mlango wa kwenda kubisha. Hakuna katika hayo matatu linalohitaji jina la mama yake wala mstari wa asili yake. Namba yake ya simu tayari inaonekana na kila aliyemo, na namba hiyo imesajiliwa kwa kadi ile ile katika kampuni ya simu. Picha ya pili ya kadi haimwongezei admini ujuzi ila inamwongezea mzigo. Na mlaghai wa ajira hatishwi na sharti hilo hata kidogo, maana anayo kadi, bali si yake, ameipata kwa mmoja wa wale waliotuma zao. Kila picha tunayoituma ili kuwazuia walaghai ni kifaa kimoja zaidi mikononi mwao.

Desturi yetu inajua njia nyingine, nayo ni mdhamini. Mgeni aliyehamia kijiji hakuulizwa karatasi, aliulizwa, “Umefikia kwa nani?” na aliyemfikia ndiye aliyemleta kwa mkubwa wa kijiji, na siku mgeni akiharibu ndiye aliyeitwa kwanza. Kundi linaweza kufanya vivyo hivyo: waliomo wawili waseme tunamjua, na admini aandike tu kwamba amedhaminiwa na fulani na fulani. Atakayeitwa ndani ya kundi kwa jina la kujitwalia na aitwe, maadamu wawili wanajua ni nani. Na pale ambapo kadi haina budi kuonekana, kwa mfano mweka hazina atakayeshika michango ya msiba, basi ionekane kwa macho, mkono kwa mkono, au kwa simu ya video, kisha irudi mfukoni mwa mwenyewe bila kupigwa picha.

Najua udhaifu wa njia hii, na wenye hekima wamekwisha kuniambia. Mdhamini humfaa mwenye ndugu. Mhamiaji aliyeshuka jana kutoka Kasai na pikipiki yake, mjane aliyefukuzwa na wakwe zake asiye na wa kumsemea, msichana anayetaka kuuliza jambo la aibu ambalo wajomba zake wamo humo humo wakisoma: hao wote udhamini unawafungia nje au unawafunua kwa watu wale wale wanaowaogopa. Tena mahali ambapo ukabila umekwisha kuingia, kusema “aletwe na mwenzetu” ni njia ya upole ya kusema “wasije wengine.” Sina dawa ya hilo lote. Lakini naona kwamba tumekazana mno kumchunguza msemaji, tukaacha kuchunguza neno. Tangazo la msiba lenye namba ya kupelekea mchango lisipite kabla mmoja hajampigia simu ndugu wa marehemu, hata kama aliyelileta ni mwenyeji wa siku nyingi mwenye kadi safi. Tangazo la ajira liulizwe kwanza katika ONEM, ofisi ya ajira ya serikali, au mlangoni pa kampuni. Na sauti ya kuchochea watu wa Kasai na wa Katanga ifutwe na mwenye sauti atolewe, jina lake liwe la kweli au la kujitwalia. Kanuni hiyo ikishikwa, mhamiaji anaweza kuingia bila ya mdhamini na asimdhuru mtu, na msichana anaweza kuuliza.

Zimebaki zile picha zilizokwisha kutumwa. Waliozipeleka kwa admini peke yake wana haki ya kumwomba azifute mbele ya macho yao, nao wasione haya kuomba. Waliozitupa ndani ya kundi zima wana taabu zaidi, kwa sababu WhatsApp humruhusu mtu kufuta ujumbe kwa wote kwa siku mbili na kitu tu, na kwa kawaida simu ya kila aliyemo imekwisha kuihifadhi picha kwenye ghala lake bila hata kumwuliza. Hapo admini awaandikie watu wake, awataje kwa heshima, mababa na mamama, awaombe kila mmoja afungue picha zake, azitafute kadi zisizo zake, na azifute mwenyewe. Na aanze yeye.